Mkanda Ulifungwa Kiunoni mwa Nani? Bunge la Juba na Bajeti ya Kubana Matumizi, 2012



Juma lililopita, katika darasa letu la jioni hapa Gurei, tulisoma habari fupi ya gazeti la Kiswahili iliyozungumzia posho za wabunge. Darasa zima likaangua kicheko. Kwa mtu wa Juba, posho ni ule ugali wa mahindi uliotufikia kutoka Uganda, na mwanafunzi mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama waheshimiwa hao hupikiwa bungeni au kila mmoja huja na chake kutoka nyumbani.

Nilicheka pamoja nao, kisha nikaona kwamba swali lile lina maana kuliko muulizaji alivyodhani. Zamani za misafara na mashamba makubwa ya wakoloni, posho lilikuwa fungu la chakula, hasa unga, alilogawiwa mpagazi au kibarua. Nchini Uganda neno likabaki na unga. Nchini Tanzania likahamia kwenye fedha, likawa jina la malipo yatolewayo juu ya mshahara: posho ya kikao, posho ya safari, posho ya nyumba. Kwa hiyo wewe unayesema posho ni chakula hukukosea, wala gazeti halikukosea. Neno ni moja. Lakini taifa linapoishiwa fedha, posho hizo mbili huwekwa kwenye mizani moja, na Bunge ndilo lenye dhamana ya kusema ipi ipunguzwe kwanza. Nchi yetu ilijaribiwa kwa swali hilo ilipokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja, na leo ningependa tuisome habari hiyo pamoja.

Turudi tarehe 23 Januari 2012. Siku hiyo Rais Salva Kiir alisimama mbele ya Bunge la Taifa mjini Juba na kutangaza kwamba Sudan Kusini inafunga visima vyake vyote vya mafuta. Baraza la Mawaziri lilikuwa limekwisha kuamua hivyo siku tatu kabla. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito. Tulipojitenga na Sudan tarehe 9 Julai 2011 tulichukua takriban robo tatu ya mafuta yote, ilhali bomba, mitambo ya kusafishia na bandari ya kusafirishia vilibaki kaskazini. Serikali mbili zikashindwa kuafikiana juu ya ushuru wa kupitisha mafuta hayo. Khartoum ilitaka zaidi ya dola 30 kwa kila pipa. Juba ilikuwa tayari kutoa chini ya dola 1. Huku mazungumzo yakiendelea Addis Ababa, Khartoum ikaanza kujichukulia mafuta yenyewe kama malipo, na Rais aliliambia Bunge kuwa mali iliyochukuliwa ilifikia dola milioni 815.

Ukumbi ulimpokea kwa makofi. Sitaki uwacheke waliopiga makofi hayo. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa msituni miaka mingi, waliozika ndugu zao katika vita na Khartoum, na waliosikia siku hiyo kwamba adui yuleyule angali anawaibia wakiwa huru. Wananchi nao waliunga mkono. Mtu aliyeonewa muda mrefu hapigi hesabu kwanza, husimama.

Hata hivyo hesabu ilikuwapo, nayo haikuwa ngumu. Mapato ya serikali yalitoka kwenye mafuta kwa kiasi cha asilimia 98. Visima vilikuwa vikitoa takriban mapipa 350,000 kwa siku. Kuvifunga kulikuwa sawa na mwenye duka anayefunga mlango kwa kukasirikia mwenye barabara, naye hana shamba, hana ng'ombe wala mdeni wa kumkimbilia. Ushuru wa mpakani Nimule usingeweza hata kidogo kuziba pengo hilo. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba yetu haikuoza, ila ilikuwa ndogo, na kila mwezi ulipopita ilizidi kumegwa.

Mwanzoni mwa Machi 2012 ofisa mmoja wa Benki ya Dunia, Marcelo Giugale, alikutana na viongozi wa Juba na kuwaeleza hesabu hiyo. Waraka wake ulivuja na kufika magazetini mwezi Mei. Humo aliandika kwamba viongozi aliokutana nao walikuwa hawajatambua athari za uamuzi wao kwa uchumi, na kwamba akiba ya fedha za kigeni ingeweza kumalizika katikati ya mwaka. Serikali haikuupenda waraka ule, na yapo mambo aliyoyatabiri ambayo hayakutokea kama alivyohofia. Lakini angalia mpangilio wa tarehe, msomaji wangu: uamuzi Januari, makofi Januari, hesabu Machi. Ndiyo maana nikasema tuisome habari hii, kwani katika elimu ya uraia tarehe zikipangwa vizuri husema mambo ambayo hotuba huyaficha.

Hapa nisimame kidogo nikueleze kazi ya Bunge katika mambo ya fedha, maana wanafunzi wengi hudhani bajeti ni karatasi ya Waziri. Kiswahili kina neno zuri: makadirio. Limetoka kwenye kadiri, yaani kiasi, neno ambalo asili yake ni Kiarabu. Waziri wa Fedha hakuja bungeni na fedha. Amekuja na makadirio, yaani anakisia kitakachoingia na kuomba ruhusa ya kukitumia. Mwaka wetu wa fedha huanza Julai. Kabla ya hapo muswada wa matumizi hupelekwa bungeni, husomwa, hupelekwa kwenye kamati, hurudishwa kwa mjadala, na mwishowe hupigiwa kura. Bila kura hiyo Hazina haina ruhusa ya kutoa fedha. Mbunge aweza kukubali, kukataa, au kuuliza. Uwezo mkubwa kuliko yote ni huo wa tatu, nao ndio usiogharimu kitu.

Bunge la wakati ule lilikuwa na wajumbe 332. Kati yao 170 walichaguliwa katika uchaguzi wa 2010, 96 walihamia Juba kutoka Bunge la Khartoum baada ya uhuru, na 66 waliteuliwa na Rais. Chama cha SPLM kilishika sehemu kubwa mno ya viti, na Spika, James Wani Igga, alikuwa mmoja wa viongozi wakuu wa chama hichohicho. Wapinzani waliweza kukaa benchi chache. Katika ukumbi wa namna hiyo, kuuliza swali gumu huonekana kama kumsaliti ndugu mbele ya adui, na zaidi wakati wa mgogoro na jirani. Mwezi Aprili 2012 majeshi yetu yaliingia Heglig na kutoka baada ya siku kumi. Nani angesimama wakati huo kuuliza bei ya viti vya ofisi?

Waziri wa Fedha alikuwa Kosti Manibe Ngai. Serikali yake ilitangaza hatua za kubana matumizi: matumizi yasiyo mishahara yalipangwa kukatwa kwa asilimia 50, fedha ziendazo majimboni zikapunguzwa, posho ya nyumba ya watumishi ikapunguzwa, na miradi ya maendeleo ikaahirishwa. Bajeti ya 2012/13 iliyofika bungeni katikati ya mwaka ilikuwa bajeti ya njaa.

Utauliza: kwa nini mishahara haikuguswa, na hali ndiyo iliyokuwa ikimeza fungu kubwa? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami nitakaa hapa kidogo.

Mishahara mingi ilikuwa ya jeshi na vyombo vya usalama. Na jeshi letu halikuwa jeshi la kawaida. Januari 2006, kwa Azimio la Juba, makundi yaliyokuwa yakipigana na SPLA, chini ya Jenerali Paulino Matip, yaliingizwa ndani ya SPLA kwa cheo na mshahara. Makundi mengine yakafuata njia hiyo miaka iliyofuata. Kila aliyerudi kutoka msituni na bunduki alipewa nafasi kwenye orodha ya malipo. Orodha hiyo, ukiitazama kwa jicho la mhasibu, ni mzigo. Ukiitazama kwa jicho la mwanahistoria, ni mkataba wa amani ulioandikwa kwa majina ya watu na kiasi cha fedha. Kukata mshahara wa askari kungekuwa kama kuchana ukurasa wa mkataba huo. Kwa hiyo serikali ilikata pale ambapo hapana bunduki: dawa za zahanati, chaki za shule, mafuta ya gari la wagonjwa, karo ya mwanafunzi aliyetumwa nje, ruzuku ya jimbo la mbali.

Sisemi kwamba uamuzi huo ulikuwa wa kijinga. Mimi mwenyewe, ningekuwa waziri, huenda ningeamua vivyo hivyo na nisilale usiku. Ninachosema ni kwamba neno asilimia 50 ni neno la hila. Nusu ya matumizi yasiyo mishahara husikika kama maumivu yaliyogawanywa sawasawa, kumbe wizara ambayo karibu fedha zake zote ni mishahara haikatwi kitu, na idara ambayo kazi yake ni kununua dawa hukatwa nusu ya uhai wake. Mbunge aliyeketi kwenye Kamati alipaswa kuuliza: nusu ya nini, na ya nani?

Turudi kidogo kwenye lugha, kwa kuwa neno mshahara nalo lina siri. Ninyi mnaozungumza Kiarabu cha Juba mtaitambua shahr ndani yake, yaani mwezi. Mshahara ni kile kilipwacho kwa mwezi. Fedha ikilipwa baada ya miezi mitatu inastahili kutafutiwa jina jingine, na watu wa mji huu wamelitafuta jina hilo tangu siku nyingi. Bajeti iliahidi kulinda mishahara, lakini ahadi ya kwenye karatasi na fedha ya mkononi ni vitu viwili, na malipo yalianza kuchelewa.

Wakati huo viongozi waliwaomba wananchi uvumilivu. Kiswahili kina msemo maalumu kwa ombi hilo, nao ni kufunga mkanda. Ulipata uzito wake mkubwa Tanzania baada ya vita vya Kagera, 1979, pale Mwalimu Julius Nyerere alipowaomba wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Vita vilikuwa vimekula fedha za kigeni, na bei ya mafuta duniani ikapanda mwaka huohuo. Miezi 18 ikapita, mkanda ukabaki. Watanzania waliosimama foleni za sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 watakusimulia. (Usichanganye, tafadhali, kufunga mkanda na kujifunga kibwebwe. Kibwebwe ni kitambaa anachojifunga mwanamke kiunoni anapoingia kazini kwa nguvu zote. Huko ni kujitoa. Kufunga mkanda ni kupunguza kula.) Tofauti mojawapo kati ya Dodoma au Dar es Salaam ya 1979 na Juba ya 2012 ni kwamba kule aliyeomba alijulikana kwa kuishi bila makuu, na hata waliomlaumu kwa sera zake hawakumtilia shaka mfuko wake.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti, na aliyeyafichua ni Rais mwenyewe. Tarehe 3 Mei 2012 aliwaandikia barua viongozi na waliokuwa viongozi zaidi ya 75, akieleza kwamba takriban dola bilioni 4 za umma hazijulikani zilipo, na akiwasihi wazirejeshe. Hata akaunti ya benki ilifunguliwa nchini Kenya kwa ajili hiyo. Barua ile ilienea haraka. Jaribu kuweka tarehe hiyo nayo kwenye mstari wetu: Januari mafuta yamefungwa, Machi hesabu imefanywa, Mei barua imeandikwa, na katikati ya mwaka Bunge linajadili kupunguza posho ya nyumba ya karani na ruzuku ya zahanati. Kiasi kilichotajwa ndani ya barua kilikuwa kikubwa kuliko bajeti nzima iliyokuwa mezani. Mjadala wa kubana matumizi ulikuwa unafanyika ndani ya nyumba ambayo mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mwenye nyumba alikuwa amekiri kwa maandishi.

Je, Bunge lingeweza kufanya nini? Lingeweza kukataa kupitisha bajeti mpaka lielezwe fedha hizo. Lingeweza kuanza na lenyewe, yaani na posho za wajumbe wake, kabla ya kugusa za watu wengine. Lingeweza, kabla ya yote hayo, kuomba makadirio tarehe 23 Januari badala ya kusubiri Juni. Haya nayasema nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mwalimu, miaka mingi baadaye, ambapo ushujaa ni rahisi.

Huku pembezoni mwa mji, upande wa Jebel Kujur, bajeti haikufika kwa lugha ya asilimia. Ilifika kwa bei ya pipa la maji. Maeneo kama Gurei hayakuwa na mabomba, na wengi hununua maji kutoka kwenye malori. Lori hutumia dizeli, dizeli hununuliwa kwa dola, na dola zilikuwa zimeadimika. Paundi yetu, iliyozaliwa Julai 2011, ikaanza kudhoofika kwenye soko la pembeni. Unga, mafuta ya kupikia, maharage, hata nyanya, vyote vilitoka Uganda kupitia Nimule. Hivyo mama aliyepika posho yake hapa Gurei alikatwa fungu bila muswada wowote kusomwa kwa jina lake. Mwaka ule pato la taifa lilishuka kwa karibu nusu, na tarakimu hiyo, ambayo wachumi huiandika kwenye jedwali, iligawanywa kwenye masufuria.

Jambo la kutufariji kidogo sisi wa lugha: Septemba 2012 barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika kwa fedha za Marekani. Bidhaa zilikuja kwa njia hiyo, na Kiswahili nacho kikaja na madereva.

Mnamo tarehe 27 Septemba 2012 Juba na Khartoum zilitia saini mikataba yao Addis Ababa. Ushuru ulikubaliwa kuwa kati ya dola 9 na 11 kwa pipa, kutegemea bomba, pamoja na fidia ya takriban dola bilioni 3 kwa Sudan. Mafuta yakaanza kutiririka tena Aprili 2013. Juni mwaka huo Waziri Kosti Manibe alisimamishwa kazi kwa tuhuma juu ya fedha. Julai Rais alivunja Baraza lote la Mawaziri. Agosti Spika Wani Igga akawa Makamu wa Rais. Na usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 risasi zikaanza kusikika Juba. Wako watafiti wasemao kwamba ukame wa fedha wa 2012 ulilegeza ule mkataba wa amani ulioandikwa kwenye orodha ya mishahara. Wako wanaoutafuta mzizi ndani ya chama. Mimi nadhani mizizi hiyo iligusana chini ya udongo.

Fedha zilipopungua tena, funzo la kuanza na nyumba yako mwenyewe halikuwa limeingia. Mkataba wa amani wa 2015 uliongeza viti vya Bunge hadi 400, na ule wa 2018 ukaviongeza hadi 550. Desemba 2015 paundi iliachiwa ielee, ikaanguka kutoka takriban 3 kwa dola hadi zaidi ya 18 kwa siku moja. Oktoba 2016 mfumuko wa bei ulipita asilimia 800. Na mwaka 2018, huku watumishi wakidai malimbikizo yao, wabunge 400 walipewa dola 40,000 kila mmoja kwa ajili ya kununua magari. Piga hesabu mwenyewe; ni zoezi zuri la namba kwa Kiswahili. Jibu ni milioni kumi na sita.

Februari 2024 bomba kubwa lilipasuka ndani ya Sudan iliyokuwa vitani, na sehemu kubwa ya mafuta yetu ikasimama hadi Januari 2025. Safari hii hapakuwa na hotuba wala makofi, kwa kuwa hapakuwa na uamuzi wa kutangaza. Walimu na wauguzi wakakaa miezi mingi bila malipo. Mmoja wa wanafunzi wangu wa jioni ni mtumishi wa umma, na nilipowaagiza watunge sentensi yenye neno mshahara, aliandika hivi: "Mshahara wa Novemba ulifika mwezi wa saba." Nilitazama sarufi yake. Haikuwa na kosa, nikaweka alama ya vema.